Lubumbashi–Kinshasa kwa ndege: umbali, muda wa safari na saa za tiketi

Maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Saa zote hapa zimeandikwa kama tiketi inavyoziandika, kwa tarakimu za saa 24: 07:00 ni asubuhi, 19:00 ni jioni. Tukisema "kiwanja" tu, upande wa Lubumbashi ni Luano, na upande wa Kinshasa ni N'djili.

Kutoka Lubumbashi hadi Kinshasa ni kilomita ngapi?

Kwa ndege ni karibu kilomita 1,555 kutoka kiwanja hadi kiwanja. Marubani huhesabu kwa maili za baharini, ambazo kila moja ina mita 1,852; kwao safari hii ni maili 840 hivi. Hesabu hiyo inafuata mstari mfupi kuliko yote juu ya uso wa dunia, bila kona.

Ndege yenyewe huruka zaidi ya hapo. Njia ya kurukia ya Luano imelala takriban mashariki–magharibi, na Kinshasa iko magharibi-kaskazini-magharibi. Upepo ukidai ndege ipae ikielekea mashariki, lazima igeuke nusu duara kabla ya kushika njia. Ukijumlisha na mizunguko ya kutua, ongeza kilomita 20 hadi 40.

Ndege inachukua muda gani?

Kwa ndege ya jeti isiyosimama njiani, saa 2 na dakika 15 hivi, tangu milango ifungwe hadi isimame kwenye maegesho. Angani yenyewe ni karibu saa 2. Dakika zinazobaki ni za kutembea ardhini, kusubiri ruhusa na kuegesha.

Muda huo unagawanyika hivi. Dakika 10 za kwanza ndege iko ardhini. Kupanda hadi mita 10,000 au zaidi huchukua dakika 20 hadi 25, na katika dakika hizo mwendo wake bado ni mdogo. Kisha inakwenda kwa karibu kilomita 830 kwa saa. Inapobaki kilomita 200 hivi kufika, rubani anaanza kushusha, na kushuka nako kunachukua dakika 25. Ukisikia injini zimepungua sauti mapema usishtuke: kutoka juu kiasi kile, ndege inahitaji nafasi ndefu ili ishuke pole pole.

Kanuni ya mkononi kwa safari yoyote ya jeti: gawanya kilomita kwa 830, kisha ongeza dakika 25. Kwa 1,555 unapata saa 1 na dakika 52, na ukiongeza 25 ni saa 2 na dakika 17. Safari za karibu sana, za chini ya kilomita 300, kanuni hii haizifai, maana ndege haipati nafasi ya kufikia mwendo wake kamili.

Tiketi yangu inasema naondoka 10:00 na kufika 11:15. Inawezekana vipi kufika kwa saa moja na robo?

Haiwezekani, na tiketi haijakosea. Hili ndilo swali linalokosesha watu safari, wapokezi na mikutano, kwa hiyo tulieleze taratibu.

Kongo ina majira mawili ya saa. Lubumbashi iko mbele ya Kinshasa kwa saa moja, mwaka mzima, bila kubadilishwa kiangazi wala masika. Tiketi huandika saa ya kuondoka kwa majira ya mji unaoondoka, na saa ya kufika kwa majira ya mji unaofika. Ukiondoka Luano 10:00 na kuruka saa 2 na dakika 15, Lubumbashi itakuwa 12:15. Lakini Kinshasa wakati huohuo ni 11:15, na ndiyo saa iliyoandikwa.

Kurudi ni kinyume. Ukiondoka N'djili 13:00, baada ya saa 2 na dakika 15 Kinshasa ni 15:15, lakini Lubumbashi ni 16:15. Tiketi inaonyesha tofauti ya saa 3 na dakika 15. Watu husema ndege ya kurudi ni ya pole pole. Ni ileile, kwa mwendo uleule.

Njia ya kutokosea ni kubadilisha saa zote mbili ziwe za mji mmoja kabla ya kutoa. Ukienda Kinshasa, ongeza saa moja kwenye saa ya kufika, kisha toa saa ya kuondoka. Ukirudi Lubumbashi, punguza saa moja kwenye saa ya kufika, kisha toa.

Majira yanabadilika wapi hasa? Kasai wako upande gani?

Kasai wako pamoja nasi wa Lubumbashi. Majira ya mashariki yanashika Katanga yote ya zamani, Kasai zote, Lomami, Sankuru, Maniema, Kivu zote mbili, Ituri, Tshopo na Uele zote mbili. Majira ya magharibi ni Kinshasa, Kongo Central, Kwango, Kwilu, Mai-Ndombe na mikoa ya Équateur ya zamani. Kwa hiyo Lubumbashi–Mbuji-Mayi au Lubumbashi–Kananga hakuna saa ya kuongeza wala kupunguza. Kikwit, iliyoko Kwilu, inafuata saa ya Kinshasa.

Tofauti hii ina sababu yake angani. Dunia huzunguka nyuzi moja kila dakika 4. Luano na N'djili zimeachana kwa nyuzi 12 hivi kutoka mashariki hadi magharibi, yaani dakika 48 za jua. Jua linatuchomozea sisi kwanza kweli, na saa moja ya tofauti inakaribia sana ukweli huo.

Simu yangu itajibadilisha yenyewe?

Ndiyo, lakini baada ya kushika mtandao wa mji uliofika, tena kama umeiruhusu kupokea saa kutoka mtandao. Ukiwa angani na simu imezimwa mawasiliano, bado inaonyesha saa ya ulikotoka. Kengele uliyoiweka Lubumbashi ya "05:00" italia saa 05:00 ya Kinshasa baada ya simu kubadilika, na kwa anayewahi ndege hiyo ni sawa. Shida ni simu ikibaki na saa ya ulikotoka: anayelala N'djili na simu isiyojibadilisha tangu Lubumbashi ataamka saa moja kabla, anayelala Lubumbashi na simu iliyobaki na saa ya Kinshasa ataamka saa moja baada, na ndege imeshaondoka. Usiku wa kwanza, linganisha simu na saa ya mtu wa hapo.

Nimeona tiketi mbili: moja inafika 10:15, nyingine 10:45, zote zinaondoka 08:00. Nusu saa tu?

Kati yao ni nusu saa tu, lakini zote mbili ni ndefu kuliko zinavyoonekana. Fanya hesabu ya majira kwanza. Inayofika 10:15 saa ya Kinshasa imetumia saa 3 na dakika 15; inayofika 10:45 imetumia saa 3 na dakika 45. Hakuna hata moja iliyo jeti ya moja kwa moja, ambayo ingefika kama 09:15.

Ya pili huenda inasimama Mbuji-Mayi. Luano–Mbuji-Mayi ni kilomita 750 hivi, sawa na saa 1 na dakika 20. Hapo ndege inakaa dakika 45 hadi saa nzima, abiria wanashuka, wengine wanapanda, mizigo inapakuliwa. Mbuji-Mayi–Kinshasa ni kilomita 920, saa 1 na nusu. Jumla inakaribia saa 3 na dakika 45. Kwa kilomita umeongeza 115 tu. Muda wote uliobaki umeliwa na kusimama. Ya kwanza huenda ni ndege ya panga (ya mapangaboi, si jeti) iendayo moja kwa moja, au jeti yenye eskale fupi, yaani kusimama njiani.

Muuza tiketi aulizwe maneno haya mawili: "Kuna eskale?" na "Ni ndege ya aina gani?" Namba moja ya ndege haimaanishi safari isiyosimama, ndege inaweza kubeba namba ileile kutoka mji wa kwanza hadi wa tatu.

Aina ya ndege inabadilisha muda kiasi gani?

Sana, kwa umbali huu. Airbus A320 na Boeing 737 zinakwenda karibu sawa, saa 2 na dakika 15. Air Congo, iliyoanza kuruka Desemba 2024, ilianza na Boeing 737-800. Dash 8 Q400, yenye panga mbili, inakwenda kilomita 600 na kitu kwa saa, kwa hiyo hesabu saa 3 kasoro kidogo. ATR 72 na Fokker 50 zinakwenda kama kilomita 500 kwa saa. Hizo zinataka saa 3 na nusu au zaidi kama zingeenda bila kusimama.

Ndege ya panga si mbovu kwa sababu ina panga. Injini yake nayo ni tabaini, na kwenye njia fupi inakunywa mafuta machache na kutua kwenye viwanja vifupi. Kwa umbali wa chini ya kilomita 300, kama Lubumbashi–Kolwezi (240 kwa ndege), msafiri hata hatambui tofauti ya muda. Ni kwenye kilomita 1,500 ndipo inapojionyesha.

Je, ndege inapita Angola?

Mstari ulionyooka unapita, ndiyo. Ukichora kwenye ramani kutoka Luano hadi N'djili, katikati ya njia mstari unakata pembe ya kaskazini-mashariki ya Angola, upande wa Dundo, kabla ya kurudi juu ya ardhi yetu. Wengi hawaamini mpaka washike rula.

Ndege ya ndani ikipangiwa kubaki juu ya Kongo tu, inasogea kaskazini kidogo. Kwa mfano ikipitia juu ya Kananga, njia inakuwa kilomita 1,640 hivi, nyongeza ya 80 au 85, yaani dakika 6. Ndiyo sababu mojawapo ya kampuni mbili kuandika muda usiolingana kabisa kwa safari ileile. Sababu nyingine ni kwamba kampuni hujiwekea dakika za akiba kwenye ratiba.

Kwenda na kurudi, upepo unaleta tofauti?

Dakika chache tu. Ule upepo mkali wa juu unaofanya safari za Ulaya na Marekani zitofautiane kwa saa nzima haukai katika ukanda wetu wa karibu na ikweta. Kinachotubadilishia muda huku ni mawingu ya radi. Kuanzia Oktoba au Novemba hadi Aprili, mawingu hayo hupanda juu kuliko ndege inavyoruka, na rubani hapiti ndani yake wala juu yake, anazunguka. Kukwepa wingu kwa kilomita 50 ni dakika 4. Kukwepa msururu wa mawingu ni robo saa, na kuzunguka juu ya N'djili mpaka mvua ipungue ni zaidi.

Saa gani ya siku ni bora kusafiri?

Ndege ya kwanza ya asubuhi. Sababu ni mbili, na ya pili ni nzito kuliko ya kwanza.

Kwanza, radi za masika hukua na joto la mchana. Nyingi hupiga alasiri na jioni. Asubuhi anga mara nyingi imetulia.

Pili, ndege moja hufanya safari kadhaa kwa siku. Ile utakayopanda Luano alasiri, pengine ilianza Kinshasa alfajiri, ikapita mji mwingine, ikarudi, ndipo ikaja kwenu. Kila kuchelewa huko kunakuja hadi kwako. Mapumziko kati ya kutua na kupaa tena ni dakika 45 hadi 60, na hizo haziwezi kufidia saa mbili zilizopotea. Ukipigia kiwanja simu, usiulize "Ndege itaondoka saa ngapi?" Uliza "Ndege imeshatoka Kinshasa?" Kama haijatoka, una angalau saa 3 mbele yako: saa 2 na robo za kuja, na karibu saa moja ya kuhudumiwa.

Wakati wa kiangazi shida ni nyingine. Agosti na Septemba, majani yanapochomwa kila upande wa Katanga, moshi unatanda na kupunguza uwezo wa kuona, hasa alfajiri kabla upepo haujaamka. Ndege inaweza kusubiri jua lipande kidogo.

Kwa nini ndege wakati mwingine inaacha mizigo Luano siku za joto?

Luano iko mita 1,300 juu ya bahari. N'djili iko 313 tu. Hewa ya juu ni nyepesi, na hewa yenye joto ni nyepesi zaidi. Mabawa yanapata nguvu ndogo ya kuinua na injini zinapata hewa kidogo, kwa hiyo ndege inahitaji kukimbia zaidi ardhini kabla ya kupaa. Njia ya Luano ina mita 3,200 hivi, ya N'djili 4,700. Mchana wa Oktoba, mwezi wetu wa joto kali, uzito wa kupaa unaweza kupunguzwa kuliko asubuhi.

Mafuta hayapunguzwi. Kwa sheria za kimataifa jeti lazima ibebe ya kufika, akiba ya njiani, ya kwenda kiwanja kingine kama cha kwanza kimefungwa, na juu ya hayo ya kuzunguka dakika 30. A320 inakunywa karibu tani 2 na nusu kwa saa, kwa hiyo hesabu ya mafuta ya safari hii ni kubwa. Abiria nao wameshaketi. Kinachobaki cha kupunguzwa ni mizigo. Ndiyo maana dawa, nyaraka, funguo na nguo za siku moja zikae kwenye mfuko wa mkononi, hata kama valizi imepokelewa na karatasi yake unayo.

Niwe kiwanjani saa ngapi?

Luano, saa 2 na nusu kabla zinatosha. Kiwanja hakiko mbali na katikati ya mji. N'djili ni jambo lingine. Kutoka Gombe ni zaidi ya kilomita 20 kwa Boulevard Lumumba, na siku ya msongamano kilomita hizo zinakula saa 2, hata 3. Kwa ndege ya 13:00 toka Gombe 08:00. Kaunta nyingi hufungwa dakika 45 hadi 60 kabla ya kuondoka, na ikifungwa, kufika ukikimbia hakusaidii: orodha ya abiria na uzito imeshapelekwa kwa rubani.

Soma pia jina la kiwanja. Kinshasa ina viwili. N'djili (FIH) ndicho kikubwa, kiko komini ya Nsele. Ndolo (NLO) kiko Barumbu, karibu na katikati ya mji, na hutumiwa na ndege ndogo. Aliyekwenda Ndolo na tiketi ya FIH hana muda wa kuvuka mji. Alama ya Luano ni FBM.

Nibebe karatasi gani, na Go Pass ni nini?

Kwa safari ya ndani: kadi ya mpigakura au paspoti, isiyochakaa kiasi cha kutosomeka, na jina liwe sawasawa na la tiketi. Postnom (jina linalofuata lile la ukoo) ikikosekana si shida kubwa kama jina la kwanza na la ukoo vinalingana. Jina lililogeuzwa kabisa ndilo linalosumbua, na kulisahihisha ni rahisi zaidi siku ileile ya kununua.

Go Pass ni ada ya kujenga viwanja, inayokusanywa na RVA, mamlaka ya viwanja vya ndege. Imekuwa dola 10 kwa safari ya ndani na dola 50 kwa ya nje. Uliza unaponunua kama imo ndani ya bei ya tiketi. Kama haimo, tenga pesa hizo kando, noti safi zisizochanika.

Anayekwenda nje apitie pia kadi ya njano ya chanjo ya homa ya manjano. Chanjo hiyo inaanza kuhesabika siku 10 baada ya kudungwa, kwa hiyo kuikimbilia jana ya safari ni bure.

Naruhusiwa kilo ngapi? Naweza kubeba unga na vinkubala (viwavi vya kuliwa)?

Daraja la kawaida mara nyingi ni kilo 20 au 23, na mfuko wa mkononi wa kilo 7 hivi. Tiketi yako ndiyo yenye neno la mwisho. Angalia kwamba mfuko mmoja wa unga wa bukari (ugali) wa kilo 25 peke yake umeshazidi. Ugawe kwa mifuko miwili nyumbani, siyo mbele ya mizani watu wakisubiri nyuma yako. Kipande kimoja kisizidi kilo 32 hata ukilipia, kwa sababu za wabebaji.

Vinkubala vilivyokaushwa vizuri, maharage na samaki mkavu vinaweza kusafiri. Fungia mara mbili: plastiki ndani, kisha mfuko mgumu. Harufu ya samaki ikitoka, mzigo unarudishwa. Mawese ndiyo yenye hatari: kidumu kilichojazwa mpaka shingoni huvuja, kwa kuwa shinikizo la hewa hushuka ndege inapopanda na hewa iliyomo inatanuka. Wengine hukataa mafuta ya maji kabisa, uliza kwanza.

Betri za kuchajia simu ziwe mkononi, kamwe zisiwe ndani ya valizi. Kipimo ni saa-wati 100. Betri ya mAh 20,000 ya kawaida ni kama saa-wati 74, inapita. Kuanzia 100 hadi 160 unahitaji kibali cha kampuni. Zaidi ya hapo haipandi. Ile isiyo na maandishi ya uwezo wake hunyang'anywa, hata kama ni ndogo.

Mawe ya madini, hata kipande cha malakiti cha zawadi ambacho hakijachongwa, yatafutie karatasi kabla. Kiwanjani si mahali pa kuanza kueleza.

Barabara au treni je?

Kwa Barabara ya Taifa namba 1, kupitia Likasi, Mwene-Ditu, Mbuji-Mayi, Kananga, Tshikapa na Kikwit, ni zaidi ya kilomita 2,000, na sehemu kubwa ni udongo. Masika, lori linapokwama kwenye tope yote yaliyo nyuma yanasubiri. Hakuna anayeweza kukuahidi siku.

Njia ya reli inatoka Lubumbashi kupitia Kamina na Kananga hadi Ilebo, ilikofika mwaka 1928. Kutoka hapo ni boti kwa mto Kasai, kisha mto Kongo, hadi Kinshasa. Ni njia ya mizigo na ya mwenye subira. Reli haijawahi kuunganisha miji hii miwili moja kwa moja.

Miji mingine iko mbali kiasi gani na Lubumbashi?

Kwa mstari ulionyooka, kwa kukadiria: Lusaka 430, Kalemie 660, Mbuji-Mayi 750, Kananga 840, Goma 1,120, Kisangani 1,365, Dar es Salaam 1,385, Nairobi 1,545, Johannesburg 1,620, Addis Ababa 2,600. Kiwanja cha Goma kilifungwa Januari 2025 kwa sababu ya vita, kwa hiyo umbali huo usiupangie safari bila kuuliza kwanza.

Angalia vizuri Kinshasa, Johannesburg na Nairobi. Zote tatu ziko karibu sawa na sisi, na jeti inahitaji muda uleule, saa 2 na robo na kitu. Lakini kwenye tiketi Kinshasa itaonekana kama saa 1 na dakika 15, Johannesburg saa 2 na dakika 20 kwa kuwa majira yao ni yetu, na Nairobi saa 3 na dakika 15 kwa kuwa wao wako mbele. Na Dar es Salaam iko karibu nasi kuliko makao makuu ya nchi yetu.

Mtoto na mama mjamzito?

Mtoto wa chini ya miaka 2 hukaa mapajani na hulipa sehemu ndogo ya nauli, lakini lazima awe na jina kwenye tiketi na cheti cha kuzaliwa. Mjamzito kuanzia wiki 28 aombe barua ya daktari. Kufikia wiki 36 kampuni nyingi hukataa.

Masikio ya mtoto huuma zaidi wakati wa kushuka kuliko kupanda, na Kinshasa zaidi kuliko Lubumbashi, kwa kuwa N'djili iko chini kwa kilomita moja kuliko Luano. Mnyonyeshe au mpe maji ndege inapoanza kushuka, dakika 25 kabla ya kutua. Usingoje alie. Mwenye mafua mazito, mkubwa au mdogo, akiweza aahirishe.

Mtu anayenipokea nimwambie saa gani?

Mpe saa ya kufika ilivyo kwenye tiketi, na useme wazi ni ya mji gani: "Natua 11:15, saa ya Kinshasa." Kisha aongeze dakika 45 za valizi. Ukipaa, mtu wa Lubumbashi aliyekusindikiza atume ujumbe mmoja: "Imepaa 10:20 ya huku, 09:20 ya huko." Mpokezi anaongeza saa 2 juu ya 09:20 na anajua kwamba kabla ya 11:20 hakuna haja ya kushuka N'djili kuchomwa na jua.